Mfalme wa Sanduku la Kura: Mangi Mkuu wa Kilimanjaro, 1951–1960

Katika historia ya Kilimanjaro hakuna cheo kilichonadiwa kuwa cha jadi kama cha Mangi Mkuu, wala hakuna kilichokuwa kipya kama hicho. Mangi, yaani mtawala wa Kichagga, alitawala kilima chake tu, akitengwa na jirani yake kwa korongo, kwa mto na mara nyingi kwa uadui. Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi walikuwa mahasimu wakubwa. Marealle wa Marangu, ambaye silaha yake kubwa ilikuwa ulimi, aliwanong'oneza Wajerumani mpaka Meli, mwana wa Rindi, akanyongwa Moshi ya Kale tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Miongoni mwao hakuna aliyepata kuutawala mlima mzima.

Mwaka 1946 Waingereza waliweka waitori, yaani machifu watatu wa tarafa za Hai, Vunjo na Rombo, juu ya wamangi waliokuwapo. Wananchi, ambao tayari walikuwa na hofu juu ya vihamba vyao (kihamba ni shamba la ukoo, lenye migomba na kahawa, ambalo mtoto hulirithi kwa baba), waliwaona waitori kuwa mzigo juu ya mzigo. Kilimanjaro Chagga Citizens Union, chama kilichoanzishwa 1949 na kuongozwa na Petro Njau akishirikiana na Joseph Merinyo, mkongwe wa ushirika wa kahawa tangu 1925, kikaja na dawa yake: watu waliochoshwa na wakubwa watatu waongezewe wa nne, awe juu ya wote. Dawa hiyo haikuwa ya kipuuzi kama inavyosikika, kwa kuwa mkubwa wa nne angepigiwa kura, na aliyepigiwa kura huweza kuulizwa.

Mwaka 1951 Thomas Marealle, mjukuu wa yule Marealle wa minong'ono, aliwashinda waitori wote watatu, akasimikwa Januari 1952. Zikafuata bendera, wimbo na Siku ya Wachagga ya kila mwaka, mapambo ambayo babu yake asingeyatambua lakini yaliyoitwa mila bila mtu kucheka. Bei ya kahawa ilikuwa nzuri, na bei nzuri humfanya mtawala yeyote aonekane mwenye hekima. Bei ilipoanguka, na Mangi Mkuu alipoonekana kujitenga na TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, hekima hiyo nayo ikashuka. Wapinzani wake, wakiongozwa na Solomon Eliufoo, walidai rais wa kuchaguliwa, na katika kura ya maoni ya 1960 wapiga kura walewale waliotengeneza kiti cha enzi walikivunja kwa wingi mkubwa.

Hivyo Wachagga wakapata rais wao, Eliufoo, kabla Tanganyika haijapata wake Desemba 1962. Mwaka 1963 sheria ilipofuta uchifu nchi nzima, Kilimanjaro haikuwa na Mangi Mkuu wa kufutwa.