Uchawi Mdogo Hausimamishi Risasi

Wasee wa gemu, leo tuongee kuhusu kitu kinadharauliwa sana mezani: uchawi mdogo.

Kama hujawahi kucheza Dungeons & Dragons, iko hivi. Watu wanakaa mezani, kila mmoja na mhusika wake, mmoja wao anasimulia dunia yote, na dadu ya pande 20 inaamua kama umepata ama umekosa. Gary Gygax na Dave Arneson waliitoa kule Marekani mwaka wa 1974. Mchawi kwa hii gemu ana uchawi wa aina mbili. Ule mkubwa una hesabu: ukiutumia umepungukiwa, mpaka upumzike. Ule mdogo, unaoitwa kantripu, hauishi. Tumia asubuhi, tumia jioni, bado uko nao.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa kitabu cha 1985, Unearthed Arcana, kantripu nyingi zilikuwa vitu vya nyumbani: kukausha nguo, kupanguza vumbi, kutia chakula ladha. Toleo la 2000 bado lilikupimia idadi kwa siku. Ni 2008 ndio ukawa wa kutumia bila kuhesabu, na toleo la 2014 likauacha hivyo.

Lakini bure si bure. Pigano linaenda kwa raundi za sekunde 6, na kwa zamu yako una tendo moja kuu. Ukirusha kantripu, hujakata mtu panga na hujamsaidia mwenzako aliyeanguka. Kwa hivyo swali la maana si "itaumiza kiasi gani?" Swali ni "itamnyang'anya adui nini?" Kuna ya baridi inayompunguzia mwendo futi 10. Kuna ya umeme inayokuwezesha kutoka mbele yake bila yeye kukurudishia. Kuna ile ya kuunda sauti ama picha ya uongo, na adui akitaka kuhakikisha kama ni kitu cha kweli, inabidi atumie tendo lake kukagua. Hapo ndio utamu uko. Tendo lako moja limekula tendo lake moja, na hakuna damu imemwagika.

Sasa njoo Ndhiwa, Homa Bay.

Wengi wetu tukisikia Gor Mahia tunawaza mpira, ile klabu ya 1968. Jina lilitoka kwa mtu. Gor alikuwa mganga na kiongozi wa Kanyamwa, na aliishi mpaka akawaona Waingereza. Mahia kwa Dholuo ni maajabu. Hadithi wazee wanapenda kusimulia ni za kubadilika: wanaomtafuta wakifika, wanakuta mzee fulani, ama mwanamke, ama kitu ambacho hawakukifuata, wanapita. Usiniulize kama aligeuka kweli. Angalia kile hadithi inasifu. Haisemi alirusha moto ukala jeshi. Inasema mtu wa bunduki alisimama, akashuku macho yake, na ile dakika ya kushuku ikatosha. Babu zetu walijua hii sheria kabla haijachapishwa Marekani: uchawi mdogo unashinda kwa kupoteza muda wa mwenye nguvu.

Shida inaanza ukiupa uchawi mdogo kazi ya uchawi mkubwa. Kwa hilo lazima tuvuke mpaka, twende Tanzania ya leo, wakati ilikuwa chini ya Wajerumani.

Mwaka wa 1905 watu wa kusini walikuwa wamechoka na kodi na kulimishwa pamba kwa lazima. Kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aligawa maji yenye dawa, na ahadi ilikuwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Hapa watu hucheka haraka sana. Kabla ya kucheka, ona kitu hayo maji yalifanya. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wangoni na wengine, makabila zaidi ya 20, wakapigana vita moja. Kabla ya hapo hakuna kitu kilikuwa kimewaunganisha hivyo. Yaani uchawi ulifanya kazi. Uliondoa woga na ukaleta watu pamoja.

Lakini ulifanya kazi kabla ya pigano. Ndani ya pigano, tarehe 30 Agosti 1905, maelfu walishambulia boma la Mahenge, na bunduki za rashasha hazikushuku chochote. Hiyo ndio tofauti na hadithi za Gor. Ukimdanganya mtu, anasita. Risasi ikishatoka haisiti. Kinjikitile mwenyewe alishanyongwa mapema mwezi huo huo. Vita iliisha 1907, na makadirio ya waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na chakula.

Ndio maana hainichekeshi mtu akisema hizi ni stori tu za uchawi. Kuna watu walikufa juu ya tofauti kati ya kitu kinakupa moyo na kitu kinakupa kinga.

Na kinga ya kweli tulikuwa nayo, iko Migori mpaka leo. Thimlich Ohinga, kama kilomita 46 kutoka mji wa Migori, ni kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, zimesimama tangu karibu karne ya 16. Zina urefu wa mita 1.5 mpaka 4.5 kwenda juu. UNESCO iliziweka kwa orodha yake ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Lakini mimi kitu hunishika ni milango. Ni midogo, ya chini. Adui akitaka kuingia lazima ainame, kichwa kitangulie, macho yaangalie ardhi, mkuki ushindwe kuinuka. Wenyeji wanamngoja ndani wakiwa wamesimama wima.

Huo mlango ni kantripu. Hauui mtu. Unamnyang'anya adui zamu moja, na haujali amekuja mara ngapi. Tofauti ni kwamba nyuma yake kuna ukuta.

Kwa hivyo ukikaa mezani na mchawi wako wa kiwango cha kwanza, wacha kulia ati kantripu haiumizi. Itumie kumchelewesha adui, wenye panga wafanye yao. Na nje ya meza, ukisikia mtu anawapa vijana moyo waende mbele ya bunduki, muulize mapema: moyo tumeupata, ukuta uko wapi?