Uzuri wa Vijiji vya Masisi: Mandhari na Historia

Wilaya ya Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, imezoeleka kufananishwa na Uswisi. Yanayosifiwa ni vilima vya kijani, ng'ombe wanaolisha miteremkoni, vijiji vidogo vilivyojibanza mabondeni, na jibini inayouzwa Goma. Aghalabu sifa hizo huichukulia mandhari hiyo kuwa kazi ya maumbile. Historia yaonyesha vingine.

Zamani sehemu kubwa ya vilima hivyo ilikuwa msitu, pamoja na mashamba ya Wahunde chini ya machifu wao, yaani bami. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilihamishia huko Wanyarwanda wapatao 85,000, ili kupunguza msongamano Rwanda na kuwapatia walowezi vibarua. Miti ikafyekwa, malisho yakaenea. Baada ya utaifishaji wa 1973, mashamba mengi makubwa yaliangukia mikononi mwa wenye vyeo na fedha. Waliofyeka na waliokuwa wenyeji, wote wakabaki bila hati.

Hali hiyo si ya Masisi peke yake. Nyua nyingi za miti zinazovipamba vijiji vya Uingereza ni alama za sheria za karne ya 18 na ya 19, zilizowaondolea maskini malisho ya pamoja.

Wilaya jirani ya Walikale, iliyo msituni, haikupewa sifa ya Uswisi. Hata hivyo, Wanyanga wa huko wana kipimo chao cha kijiji chema. Katika utendi simulizi wa Mwindo, uliotambwa na Shekarisi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, kijiji cha Tubondo kinateketea. Shujaa hatosheki na ushindi: anawafufua waliokufa, kisha anapatana na baba yake aliyetaka kumwua. Kijiji, kwa mujibu wa utendi huo, ni watu waliopatana.

Kwa kipimo hicho, Masisi bado inadai. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Chanzo kimojawapo kilikuwa ardhi na uraia. Tangu hapo vijiji vimehamwa mara nyingi, nayo majani yameendelea kuwa ya kijani. Anayeisifu mandhari hiyo bila kuuliza ardhi ni ya nani, amesifu nusu tu ya kijiji.