Usikivu na Njia ya Kutoka Lalago

Mtu wa Lalago aliyepungukiwa na usikivu zamani za ukoloni hakuwa na bingwa wa masikio wa kumwendea. Alikuwa na mfumu, yaani mganga wa kijijini, na dawa zake, na akijaliwa nauli au nguvu za miguu, alikuwa na hospitali ya misheni ya Kolandoto, upande wa Shinyanga. Ama maradhi ya kuharibu masikio yalikuwa tele: surua na homa ya uti wa mgongo kwa watoto, usaha uliotiririka miaka nenda miaka rudi ukadhaniwa ni jambo la kawaida, na, ajabu ya dunia, dawa zenyewe, maana kwinini ya malaria na streptomaisini, iliyogunduliwa 1943 ikawa neema kwa wenye kifua kikuu, zote mbili zaweza kuua usikivu.

Fani ya kupima usikivu ni changa. Ilipata umbo lake Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake, pale askari waliporudi na masikio yaliyoharibiwa na mizinga, na wataalamu akina Raymond Carhart wakabaini ya kwamba kumkabidhi mtu chombo cha kusikilizia hakutoshi, bali sharti azoezwe kukitumia, asikilizwe malalamiko yake, na aitwe tena. Kwetu Tanzania viziwi walifikiwa kwanza kwa mlango wa shule: Kanisa Katoliki lilifungua ya Tabora mwaka 1963, na ya Buguruni ikafuata 1974. Upande wa hospitali, Bugando ilifunguliwa Mwanza 1971. Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu 2017, miaka mitano baada ya Simiyu, ilimo Lalago, kuwa mkoa.

Lakini amali hii ya kuhudumia usikivu hupimwa kwa madogo. Mzee aliyelelewa kwa Kisukuma, akitajiwa maneno ya Kiswahili ayarudie, aweza kukosea kwa ugeni wa neno, na mpimaji asiye na hadhari akaandika kuwa sikio ndilo lililokosa. Betri ya chombo huanza kuisha tangu karatasi yake ibanduliwapo, hata chombo kikizimwa, kwani kazi yake hutegemea hewa. Vumbi la kiangazi na nta huziba mrija wa chombo. Na kwa mtoto anayekua kile kipande cha sikioni hulegea, chombo kikapiga mluzi, mtoto akakivua, na mali ya thamani ikaishia sandukuni. Haya humalizwa kwa muda mfupi mbele ya mhudumu mwenye subira, ila kwa mkulima ambaye fedha humjia msimu wa pamba, mrija ulioziba waweza kumgharimu mwaka mzima. Sioni basi ufundi katika kliniki impimayo mtu kwa ustadi, kisha ikamwacha aondoke bila betri za akiba, bila kumfundisha jamaa aliyemsindikiza namna ya kusafisha mrija, na bila miadi. Na miadi hiyo, kwa mtu wa Lalago, ingefaa iangukie baada ya mauzo ya pamba, si mwezi wa Februari akiwa katikati ya palizi na mfuko mtupu.