Umefutwa job? Usiache SHA ife pia

Ukiwa umeandikwa, SHA haikusumbui kichwa. Bosi anakata asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla hata ushike simu. Msee wa elfu 40 anaachia 1,100. Siku unatoka, huo mrija unafungwa, na hakuna mtu wa ofisi atakupigia akwambie.

Kwanza hakikisha makato ya mwezi wako wa mwisho yalifika. Mabosi wengine hukata na kukalia.

Usijisajili upya. Bado uko kwa mfumo na namba yako ya kitambulisho. Chenye unabadilisha ni hali ya kazi: bonyeza *147# ama ingia Afya Yangu, ujibu maswali ya kupima uwezo. Utaulizwa keja ni ya mabati ama mawe, maji unatoa wapi, choo ni cha aina gani. Jibu vile unaishi saa hii, si enzi za mshahara. Bei ya chini kabisa ni 300 kwa mwezi.

Sasa hapa ndio huuma: hustler analipa ya mwaka mzima mara moja, yaani 3,600 kwenda juu. Kama hauna, uliza Lipa SHA Pole Pole.

Kwa zahanati na kituo cha afya cha serikali utatibiwa bure hata kabla ulipe, bora umesajiliwa. Lakini kulazwa ama kupasuliwa ni mfuko wako. Na kama bibi na watoi wako chini yako, wanaanguka na wewe. Kwa hivyo ile doo ya mwisho ikiingia, toa ya SHA kabla ya kuitana mahali.