Gobore na Shabaha: Ufundi wa Wasasi na Wahunzi Wetu

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, mashairi na hadithi peke yake. Umo pia katika kazi za mikono, na katika akili iliyoiongoza mikono hiyo. Katika insha hii tumekusudia kueleza kazi moja ambayo vitabu vya shule huipita kwa haraka, nayo ni matengenezo ya gobore kuukuu ili liweze kupiga shabaha kabla ya msimu wa kuwinda kuwadia. Tumeichagua kwa sababu ndani yake mna fahari na mna msiba, na mwanafunzi wa historia hana budi kuvijua vyote viwili.

Gobore ni bunduki ishindiliwayo kwa mdomoni. Baruti humiminwa mtutuni, risasi hufuata, na vyote hushindiliwa kwa mdeki, yaani ufito wa chuma au wa mti. Nyuma ya mtutu pana tundu dogo lipelekalo moto ndani. Katika gobore la gumegume, nyundo iliyoshika jiwe hupiga chuma, cheche huangukia unga ulio katika kifa, yaani kisahani cha baruti ya kuwashia, na moto hupenya tunduni. Baadaye ilikuja fataki, ikaliondoa jiwe na kifa, lakini ushindiliaji ukabaki ule ule.

Silaha hizi zilitujia kwa njia ya bahari. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo, Pangani na Kilwa ilizichukua pamoja na nguo, shanga na waya hadi Tabora na Ujiji, na mbele zaidi hadi Katanga, ambako Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, alijijengea dola. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, aliwapa rugaruga wake magobore na kwayo akatikisa njia kuu ya biashara. Mwaka 1888 ubalozi wa Uingereza huko Unguja ulikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 ziliingia bara kila mwaka.

Lakini zilikuwa bunduki za namna gani? Majeshi ya Ulaya yaliacha gumegume na kushika fataki katika miaka ya 1840. Katika miaka ya 1860 yakaanza kuacha hata ushindiliaji wa mdomoni, yakachukua bunduki zijazwazo kwa nyuma. Kila walipobadili, ghala zao zilijaa silaha zilizokwisha kazi, na wafanyabiashara wakatafuta soko. Nyingi zilizofika kwetu zilikuwa na chapa ya Tower, ghala la silaha la London. Nyingine zilifuliwa Birmingham na Liège kwa ajili ya soko la Afrika tu, kwa chuma hafifu na kwa bei ndogo.

Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa dhihaka kwamba Mwafrika hufyatua bunduki akiwa ameishika kiunoni na kugeuza uso. Hawakujiuliza sababu. Mtu aliyeuziwa mtutu uwezao kupasuka, na kifa kirushacho moto karibu na jicho, akigeuza uso ana akili timamu. Kosa lilikuwa katika chuma kabla halijawa katika mtu. Tena gobore lililo zima nalo lina udhaifu wake wa asili. Mtutu wake ni laini ndani, hauna mifuo ya kuizungusha risasi ili iende sawa. Bunduki ya jeshi la Uingereza iliyoitwa Brown Bess ilikuwa na mtutu wenye upana wa milimita 19 hivi, na risasi yake ilikuwa ya milimita 17 na nusu. Risasi hiyo ilipita ikigongagonga kuta za mtutu, na pigo la mwisho mdomoni ndilo lililoamua iende kulia au kushoto. Kupita hatua 100, kumpiga mnyama mmoja ilikuwa bahati zaidi ya ustadi.

Basi, kulitengeneza gobore ni kupigana na udhaifu huo mmoja mmoja, na kiangazi kilipokaribia ndipo kazi ilipoanza. Kwanza ni usafi. Baruti nyeusi huacha masizi mazito ambayo huvuta unyevu na kula chuma. Mtutu huoshwa kwa maji ya moto mpaka maji yatoke meupe, hukaushwa, kisha hupakwa mafuta. Kazi hii ni ndogo, lakini asiyeifanya hana haja ya kuendelea na nyingine.

Pili ni tundu la moto. Kila mlio hulipanua kidogo, na likiwa pana nguvu ya baruti huvuja, leo nyingi, kesho chache, na risasi haifiki mahali pamoja mara mbili. Fundi hulijaza chuma, kisha hulitoboa upya kwa udogo upasao. Tatu ni mtambo. Kamani iliyolegea huchelewesha nyundo, na kati ya kuvuta na kulia kwa bunduki mkono hupata nafasi ya kutikisika. Mhunzi huitia kamani motoni, huipoza kwa kipimo akijua kuwa ikizidi ugumu itakatika, na gumegume hunolewa au kubadilishwa. Nne ni kitako. Kitako kilichopasuka hufungwa ngozi mbichi ambayo ikikauka hukaza kama pingu, ili mtutu usicheze ndani ya mti wake.

Tano, na hapa ndipo palipokuwa na siri kubwa, ni risasi na baruti. Risasi ya madini laini huyeyuka kwa moto wa kawaida na hutiwa katika kalibu, ikatoka ya mviringo. Lakini madini hayo yalikuwa adimu bara, na wengi walitumia vipande vya chuma vilivyofuliwa, vyenye pembe, ambavyo viliukwaruza mtutu na kuruka ovyo. Mwenye risasi ya mviringo aliweza kuizungushia kitambaa chenye mafuta ili ijae mtutuni, isigonge kuta. Baruti nayo ilitaka kipimo kimoja kila mara. Wengi walizidisha wakidhani wingi ni nguvu. Bega likaumia, mtutu ukapasuka, shabaha ikapotea. Akili ni mali, wahenga walisema, na katika gobore akili ni kujua kiasi.

Hayo yakiisha, hulengwa alama katika mti. Kila gobore lina tabia yake: hili huvuta kushoto, lile hupanda juu. Kwa kuwa baruti ilikuwa ghali, majaribio yalikuwa machache, na msasi alitakiwa kukumbuka tabia ya chombo chake kama akumbukavyo tabia ya nduguye. Sehemu iliyobaki aliijazia kwa miguu. Wasasi wa tembo, wakiwamo Wamakua wenye sifa kusini, na wale wa Unyamwezi waliokuwa na chama chao cha wasasi, walimnyatia mnyama hata wakawa hatua chache tu naye. Kunyata huko nako ni sehemu ya shabaha. Vivyo hivyo dawa na miiko ya safari, kama kujizuia na kuagizana uaminifu na waliobaki nyumbani. Hata asiyeamini dawa hizo ataona kuwa zilimpeleka mtu porini akiwa na moyo uliotulia, na mkono hufuata moyo.

Hatuna budi kusema pia kuwa gobore lililotengenezwa vizuri halikuchagua bwana. Lilileta nyama kijijini, na liliteka watu wakauzwa. Pembe ililipia baruti, baruti ikaleta pembe, na tembo wakatoweka nchi baada ya nchi kuelekea magharibi. Ufundi ni fahari. Matumizi yake ndiyo hukumu.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels yakatia saini mkataba ambao, kwa jina la kuzuia biashara ya watumwa, ulipiga marufuku bunduki za mifuo na zile za kujazwa kwa nyuma katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango kwa gumegume laini na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, Mwafrika aliruhusiwa bunduki ile tu ikosayo shabaha. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Agosti, mashujaa wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo wakateka bunduki nyingi za kisasa. Lakini risasi za bunduki hizo hazikuweza kufuliwa penye mivukuto na fuawe la kijijini. Kalenga ikaanguka tarehe 30 Oktoba 1894. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, mikuki na magobore machache yalikabili bunduki za rashasha.

Hapo ndipo ulipo msiba tuliouahidi mwanzoni. Mhunzi wetu aliweza kurekebisha kamani, tundu na kitako. Huko Buganda, zama za Kabaka Mutesa na Mwanga, wahunzi walipata sifa kwa kutengeneza hata bunduki mpya zaidi. Wapangwa na Wafipa waliyeyusha chuma chao wenyewe. Ila mtutu na sehemu kubwa ya baruti vilitoka ng'ambo, na aliyeshika baruti ndiye aliyeshika bunduki. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Naye mtegemea cha adui yake hufa mapema zaidi.

Leo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila kibali, na ni haki iwe hivyo. Hatuwaiti vijana warudi porini na magobore. Tunawataka watazame mashine zote zilizokuja kwetu zikiwa kuukuu, wajiulize swali ambalo mhunzi aliyeinama juu ya fuawe hakupewa muda wa kulijibu: tukishajua kukitengeneza chombo, ni lini tutajua kukiunda?