Andrew Moray na Utanzu wa Riwaya ya Kihistoria

Tarehe 11 Septemba 1297, Waskoti waliwashinda Waingereza kwenye daraja la Stirling. Mwezi mmoja baadaye barua ilipelekwa Lübeck na Hamburg, kuwaarifu wafanyabiashara kwamba bandari za Uskoti zi wazi kwao tena. Ilitolewa kwa majina ya viongozi wawili wa jeshi, na jina la Andrew Moray limetangulia la William Wallace.

Msomaji wa riwaya hamkuti Moray katika cheo hicho. Alifariki muda mfupi baada ya vita, kwa majeraha kama inavyoaminika. Wallace aliishi hadi 1305, akauawa London, na kifo cha namna hiyo hakikosi mtunzi. Hary alimtungia utenzi mnamo miaka ya 1470, ambamo shujaa ni mmoja. Jane Porter naye akachota humo alipoandika riwaya yake ya 1810. Hary halaumiki sana, kwani utenzi si daftari la baraza.

Hasara kubwa zaidi ni ya daraja lenyewe. Lilikuwa la mbao, jembamba, likipitisha wapanda farasi wawili wawili tu. Waskoti walingoja hadi sehemu ya jeshi la adui ilipokwisha kuvuka, ndipo wakashuka na kuikata. Filamu ya Braveheart ya 1995 ilivihamishia vita hivyo uwandani, pasipo daraja wala Moray. Na ushindi uliopatikana kwa subira na hesabu ukawa ni ushindi wa hotuba.