Hadithi za kisayansi, na wa kuzizungumzia naye

Leo naweka kando masuala ya kuandika programu. Kuna msomaji aliyeniuliza kama zipo hadithi za kisayansi kwa Kiswahili, zile za vyombo vya angani na sayari nyingine, na kama zipo, mbona hasikii watu wakizizungumzia. Zipo. Hilo la pili ndilo lililonifanya niandike, maana nimekulia Lafey, kaunti ya Mandera, na huko nilijua mapema kwamba kupata kitabu ni jambo moja na kumpata mtu aliyekisoma ni jambo jingine kabisa.

Tuanze mbali kidogo. Aprili 1926, Hugo Gernsback alianzisha jarida la Amazing Stories kule New York. Hadithi zenyewe, kusema kweli, nyingi zilikuwa za kawaida tu. Lakini baadaye jarida likawa na ukurasa wa barua za wasomaji, na barua zilichapishwa pamoja na anwani za walioziandika. Kijana aliyedhani anasoma peke yake akagundua kwamba mji wa pili yuko mwenzake. Wakaanza kuandikiana bila kupitia kwa mhariri, wakaunda vilabu, na Mei 1930 klabu moja ikatoa jarida lake yenyewe, The Comet. Mwaka 1979 mambo yakajirudia kwenye ARPANET, mtandao uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani kwa ajili ya utafiti. Watu wa kompyuta wakaanzisha SF-LOVERS, wakawa wanabishana kuhusu riwaya kwa barua pepe. Mitambo ya jeshi hiyo!

Kwetu kaskazini mashariki mtandao wa vitabu ulikuwa na miguu minne. Shirika la maktaba la taifa lilikuwa na maktaba ya ngamia, yenye vituo Garissa na Wajir: ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine hema, na msafara unazunguka vijijini kuazimisha vitabu na kurudi kuvichukua. Mwandishi Mmarekani Masha Hamilton aliitungia riwaya, The Camel Bookmobile, mwaka 2007. Kama mhandisi naupenda mpango huo: kasi ndogo, mzigo mkubwa, na haukatiki umeme. Ila Lafey iko mbali zaidi, karibu na mpaka wa Somalia, na mimi msafara huo sikuwahi kuuona. Vitabu vyetu vilikuja na walimu, ama kwenye mabegi ya mabinamu waliosoma Garissa na Nairobi.

Hivyo ndivyo Walenisi ya Katama Mkangi ilivyonifikia, ikiwa haina jalada. Mkangi alikuwa mtu wa Kilifi, mhadhiri wa sosholojia, na mwaka 1986 serikali ya Moi ilimweka kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Walenisi ikatoka 1995. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anatiwa ndani ya chombo na kurushwa angani. Badala ya kufa anafaulu kukiongoza, anafika nchi ya Walenisi, ambako watu wanaishi kwa haki. Likate hilo jina uone: wale ni sisi.

Nakala ile ilikuwa na maandishi ya penseli pembeni, ya mikono miwili tofauti. Mmoja ulikuwa wa mtu anayejiandaa kwa mtihani: maudhui, mbinu, sifa za Dzombo. Wa pili uliuliza maswali. Dzombo alijuaje cha kubonyeza? Huko walikula nini? Nilimpenda mtu huyo bila kumjua. Shuleni hatukuwa tukizungumza kuhusu vitabu, tulikuwa tukivijibu. Walenisi ikaitwa riwaya ya kisiasa, na ni kweli ni ya kisiasa, lakini kile chombo cha angani kikasahaulika, kana kwamba Mkangi alikiweka kwa bahati mbaya.

Jambo hili linanishangaza kwa sababu nyumbani hadithi haikusikilizwa kimya. Nyanya yangu akisema "sheeko sheeko", sisi tulimjibu "sheeko xariir", na akifika kwa Dhegdheer, yule mla watu mwenye sikio refu, kila mtoto alikuwa na lake la kusema. Analala vipi? Anasikia hadi wapi? Huo ulikuwa mjadala kamili wa hadithi za ajabu, gizani, bila mtihani.

Kisha mlango wa walimu ukafungwa. Novemba 2014 al-Shabaab waliteka basi lililokuwa likitoka Mandera na kuwaua watu 28, walimu wakiwemo, na mwaka uliofuata wengi wa walimu waliotoka kaunti nyingine walikataa kurudi. Watu huzungumzia masomo ya hesabu na sayansi yaliyokwama. Sawa kabisa. Mimi nilimpoteza pia mtu pekee niliyeweza kubishana naye kuhusu Dzombo. Alihamishiwa bara, na sikumlaumu.

Simu ndiyo iliyonirudishia watu wa kubishana nao, ingawa katika kaunti yetu minara imelipuliwa zaidi ya mara moja, na mnara ukianguka mjadala unakatikia katikati ya sentensi. Mwaka 2015 kundi la waandishi la Jalada lilitoa toleo la Afrofuture(s), la kusomwa bure mtandaoni. Hadithi zake nyingi ni za Kiingereza, lakini kupitia kwake nilikutana na wasomaji wa Mombasa na Dar es Salaam waliokuwa tayari wamesoma Walenisi. Tukaanza kuhesabu. Nagona ya Kezilahabi (1990) imo? Mimi nasema hapana, ile ni ndoto ya mwanafalsafa. Mwenzangu wa Dar hakubali hadi leo. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001) ina mzuka, si mashine, lakini naipa nafasi. Bina-Adamu! ya Wamitila (2002) imo bila ubishi.

Mkangi alifariki mwaka 2004. Kabla ya Walenisi alikuwa ameandika Ukiwa (1975) na Mafuta (1984). Ukiwa nimeisoma. Mwenye nakala ya Mafuta, hata kama haina jalada, aniambie yuko mji gani.